Mkutubi wa shule Mombasa: kazi, kozi na vitabu vya msaada vyapatikana wapi

Kila Januari swali ni lile lile, ati hizi kazi za maktaba za shule hapa Mombasa zatangazwa wapi, manake mtu apekua gazeti mpaka kurasa za tanzia na haoni kitu. Haoni kwa sababu nyingi hazifiki gazetini. Mwalimu mkuu ampigia mwenzake wa shule ya jirani, "huna mtu wa maktaba wewe?", na kabla ya saa saba mchana mtu ashapatikana. Sasa kama jina lako silo linalotajwa kwa hiyo simu, yabidi ujue mambo yanavyokwenda. Hii naandikia wote, mwenye kutafuta kazi, mwenye kazi na ataka kozi, na yule amekaa na rafu nusu tupu angoja mfadhili.

Kwanza ujue nani anaajiri. TSC, tume ya kuajiri walimu, ni ya walimu tu, barua ya mkutubi ukiipeleka huko umepoteza nauli, isipokuwa wewe ni mwalimu uliyetwikwa maktaba juu ya vipindi vyako (na mko wengi, poleni). Kwa shule ya serikali mwajiri ni bodi ya usimamizi ya shule, BOM, hii inayotokana na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mshahara watoka kwa hela za shule yenyewe na katibu wa bodi ni huyo huyo mwalimu mkuu. Kwa hivo barua yaandikiwa Katibu wa Bodi na yapelekwa kwa mkono. Usiende Jumatatu asubuhi, paredi haijaisha na wazazi wa karo wamejaa benchi lote la nje, nenda Jumatano ama Alhamisi baada ya chai ya saa nne. Na sekretari mpe heshima yake, mwamkie vizuri, jina lake ulijue, manake yeye ndiye ajuaye kwamba mtu wa maktaba anaenda kujifungua mwezi wa sita ama ashapata kazi Nairobi na bado hajasema. Mwachie nakala yenye namba ya simu juu kabisa ya ukurasa halafu pitia tena wiki ya kufunga muhula. Ukiwa waishi Likoni usianze na Nyali ati ndiko kwenye shule kubwa, anza na zile waweza kufika bila kungoja feri, bodi hupenda mtu wa karibu na hilo wakuuliza waziwazi kwa intavyuu.

Shule za kibinafsi zina mwendo wao. Zenye mtaala wa Kenya hutafuta watu Oktoba Novemba ili waanze nao Januari. Zenye mtaala wa nje mwaka wao hauanzi Januari na huanza kutafuta watu miezi mingi kabla, ukingoja mpaka shule zifunguliwe ndo uulize, nafasi zishajaa zamani. Tangazo laweza kuwa kwa tovuti ya shule yenyewe na usilione kwengine kokote, kwa hivo ziandike shule zako unazozitaka na uzipitie mara moja kwa wiki, bando kidogo tu latosha. Chukua mfano Aga Khan Academy pale Kizingo, ilifunguliwa 2003 na mtaala ni IB, huu wa kimataifa. Kwa IB mwanafunzi wa Diploma aandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na akikwama kutafuta vyanzo akimbilia maktaba. Sasa ukiitwa intavyuu shule ya namna hii na wewe umejiandaa kueleza vile wapanga vitabu kwa rafu tu, mwenzako aliyejiandaa kueleza vile amfundisha mtoto kujua hii taarifa ya mtandaoni ni ya kuaminika ama ni uzushi atakupita mbali. Shule zetu nazo zaelekea huko huko, CBE, huu mtaala mpya wa umilisi, imejaa miradi na Grade 10 ya kwanza imeanza 2026, lakini wacha niseme vile ilivyo, kwa shule nyingi maktaba bado ni stoo ya vitabu vya serikali na funguo ziko kwa naibu wa mwalimu mkuu.

Kuna na upande wa maktaba za umma. Katiba ya 2010 iliweka maktaba kwa kazi za kaunti, iko kwa Jedwali la Nne (Fourth Schedule), kwa hivo angalia matangazo ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, sio Mombasa peke yake, Kilifi na Kwale pia. Za serikali kuu hukusanywa kwa MyGov, gazeti la serikali lenyewe, latoka kila Jumanne. Hizi zataka makaratasi mengi, cheti cha tabia njema cha DCI (polisi wa upelelezi), KRA (ushuru), HELB (mkopo wa chuo), EACC (maadili na ufisadi), CRB (madeni), na dedilaini yenyewe huwa fupi. Hicho cha DCI chaombwa eCitizen halafu waenda kuchukuliwa alama za vidole, chaweza kuchukua wiki, kwa hivo usingoje tangazo ndo uanze kukimbia.

Vyeti vyako vyote viskaniwe mara moja pale saiba, kila kimoja PDF yake, na ukipe jina la maana. Faili ikiitwa scan0047 mwenye kuajiri akishaidaunlodi hajui tena ni ya nani, iite jina lako na jina la cheti basi. Jitumie mwenyewe kwa imeili ili simu ikipotea ama ikiingia maji vyeti vipo.

Sasa hapa kwa kaunta buku, lile daftari nene la kava ngumu, mie naomba tukae kidogo, manake hapa ndo watu wapotezea nafasi. Kila kitu utakachoomba, iwe kazi, iwe kozi, iwe vitabu, iwe tuzo, mwenyewe atakuuliza maktaba yako yatumika vipi, na wengi wajibu "watoto wapenda sana kusoma". Hiyo haina maana yoyote kwa mtu aliyekaa ofisini London ama Accra na maombi mia mezani. Nunua kaunta buku, weka mlangoni na kalamu iliyofungwa uzi (usipoifunga yatembea), piga mistari: tarehe, darasa, wangapi wameingia, wangapi wamekopa, vya Kiswahili vingapi, vya Kiingereza vingapi, na safu ya mwisho pana uandike walichotaka na hukuwa nacho. Hiyo safu ya mwisho ndo yenye faida kuliko zote. Mwisho wa mwezi jumlisha, andika jumla kwa wino mwekundu. Baada ya muhula mmoja waweza kuandika sentensi kama hii, nambari nimezibuni ni mfano tu: "Mwezi wa Mei darasa la sita walikopa vitabu 212, na 140 vilikuwa hadithi za Kiswahili, lakini hadithi za Kiswahili tulizo nazo ni 60, na mara 31 mtoto aliuliza kitabu cha wanyama wa baharini tukakosa." Mtu akisoma hivo ajua moja kwa moja atume nini. Na kwa intavyuu ukiulizwa ulifanya nini shule ya kwanza wafungua simu waonyesha picha ya ukurasa.

Ila ukipiga picha hizo kurasa hakikisha majina ya watoto hayaonekani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yawahusu watoto na yataka ridhaa ya mzazi, na picha za watoto wamekaa na vitabu kwa stetasi yako ya WhatsApp nazo ni hivo hivo. Wafadhili wa kweli siku hizi wauliza kama una ridhaa, ukiwa huna piga picha rafu, mikono, migongo.

Kwa hayo hayo ya intavyuu, kila mtu ataulizwa Dewey, ile namna ya kupanga vitabu kwa namba za masomo. Sio lazima uikariri yote, lakini ujue kwamba lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake ni 896.392, nshaona watu wachanganya hizo mbili mbele ya bodi. Utaulizwa pia vitabu visivyorudishwa utavirudisha vipi, na jibu la "nitawapiga faini" halipendwi, wazazi wenyewe karo yawashinda. Na utaulizwa wajua sistimu gani ya kompyuta ya kuendeshea maktaba. Koha ni ya bure, ilianzia New Zealand yatumika tangu 2000, na kuna demo mtandaoni waweza kuichezea bila kulipa, ingiza vitabu, jifanye wewe ni mwanafunzi ukope, ulize watu chuoni mwako kama wanayo. Shule isiyo na kompyuta isikufanye uache kujifunza.

Ukishapewa kazi usianze kwa maneno ya mdomo. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mkataba wa miezi 3 na zaidi uwe wa maandishi. Soma mambo mawili vizuri. La kwanza, likizo za shule walipwa ama hulipwi? Aprili, Agosti na Desemba ndo watu hushangaa. La pili, kitabu kikipotea nani agharamia, na kama yasema mkutubi basi uliza hapo hapo kabla ya kuweka sahihi, uliza kwa heshima lakini uliza. Chama cha wafanyakazi wa shule wasio walimu ni KUDHEIHA, si lazima uwe mpiganaji lakini ujue kipo.

Haya, kozi na makongamano. Hapa Kenya kuna Kenya Library Association, iko tangu 1973, uanachama wake ukiulipa weka risiti kwa lile faili lako. Kwa Afrika kuna AfLIA, chama cha maktaba cha bara zima, makao yao Accra, hawa wana mafunzo mengine ya mtandaoni ya bure ama ya bei ndogo na yafaa sana mtu wa shule asiyeweza kuacha kazi. SCECSAL ni kongamano la wakutubi wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, lafanyika kila miaka miwili, likizunguka nchi hadi nchi, na likiwa nchi ya jirani unaweza kwenda kwa basi. Kwa dunia nzima ni IFLA, shirikisho la vyama vya maktaba, lilianzishwa 1927, mwaka 1984 walikutana Nairobi, na wana kitengo cha maktaba za shule. Mwongozo wao wa maktaba za shule, ule wa 2015, ni bure mtandaoni, uchapishe kurasa zinazohusu wafanyakazi na bajeti ukampe mwalimu mkuu. Nasema kurasa chache, sio wote, hakuna mwalimu mkuu atakayesoma wote.

Makongamano makubwa huwa na nafasi za kudhaminiwa, na mbinu ni hii: usingoje tangazo la kongamano, ngojea mwito wa mada, yaani tangazo la kuwaalika watu watume mada zao, hutoka miezi mingi kabla. Wenye kuwasilisha mada mara nyingi ndo wafikiriwa kwanza kwa udhamini. Na wewe mada unayo, iko kwa kaunta buku. "Vile tulivyookoa vitabu visiliwe na ukungu msimu wa masika Pwani" ni mada kamili, watu wa Dar na Zanzibar na Tanga wote wana ukungu huo huo. Andika maneno mia mbili hivi, sema tatizo, sema ulifanya nini, weka nambari. Pasipoti nayo iombe sasa, usingoje barua ya mwaliko. Marekani kuna Mortenson Center ya Chuo Kikuu cha Illinois, iko tangu 1991 na hupokea wakutubi wa nchi mbalimbali, ila programu kama hizi soma sehemu ya gharama kwanza kabla hujamwambia mama nyumbani waenda Amerika. Na zile nafasi za kazi za shule za Marekani zinazozungushwa kwa magrupu, za shule za serikali zao kwa kawaida zataka leseni ya jimbo husika, zisome kwa kuiba mawazo ya kuandika CV basi.

Oktoba ni mwezi wa kimataifa wa maktaba za shule, watu wa IASL, chama cha kimataifa cha wakutubi wa shule, ndo huuandaa, kiko tangu 1971. Wana mradi wa kubadilishana vialamisho vya vitabu, watoto wako wachora, wapangiwa shule ya nchi nyengine ya watoto wa rika lao, mwatumiana. Gharama ni kadi na stempu. Jisajili mapema, wachore Septemba, posta ya ng'ambo haina haraka. Mwalimu mkuu akiona bahasha yenye stempu ya kigeni imefika shuleni kwa jina la maktaba, ile bajeti uliyoomba tangu mwaka juzi yaanza kuzungumzika. Septemba hiyo hiyo kuna maonyesho ya vitabu ya Nairobi pale Sarit, ukiweza panda treni ya SGR uende, usipoweza basi wachapishaji wana maajenti wao wazunguka shule za huku Pwani, waombe kopi za kuangalia na uwaulize wazi ni zipi ziko kwa Orange Book, orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala, na zipi ni za hadithi tu.

Matapeli wamejaa, na wajua tuna njaa ya kazi. Tangazo lasema shule kubwa Nyali yatafuta mkutubi, mshahara mnono, tuma 500 ya fomu kwa namba hii ya M-Pesa na jina latokea la mtu binafsi. Shule ya maana haichukui hela ya kuomba kazi, piga simu ya ofisi ya shule uulize. Wengine wakutumia imeili ya kukupongeza, mada yako imekubaliwa kwa kongamano la kimataifa, na wewe hukutuma mada yoyote, eti lipia hoteli kwa dola. Futa.

Mwisho ni vitabu vya msaada, na sisi watu wa bandari tuna balaa letu hapa. Mtu wa ng'ambo, mara nyingi ni mwenzetu aliyehamia huko na ana nia njema wallahi, akupigia kwamba amekusanya vitabu kontena zima kwa shule yako, zishapakiwa, zafika Kilindini mwezi ujao. Shule yasherehekea. Halafu meli yafika na maswali yaanza: mzigo uko kwa jina la nani, huyo mwenye jina ana PIN ya KRA, ajenti wa klaring, yule wa kutoa mzigo forodhani, analipwa na nani, siku za bure zikiisha gharama ya kukaa bandarini ni ya nani. Kila siku inayopita hela yapanda, na mwalimu mkuu hana fungu la jambo kama hilo. Na kontena likifunguliwa unakuta vitabu vya kodi vya nchi ya watu vya miaka ya tisini. Kwa hivo kabla ya kitu kupakiwa, andika imeili, sio simu, imeili, uombe orodha ya vitabu na rika la wasomaji, useme hutaki vya zamani kupita miaka fulani, na ulize nani alipa kutoka meli mpaka mlango wa shule. Mtu mzima hatakasirika kwa maswali hayo.

Rahisi zaidi ni kupitia kwa wenye uzoefu. Book Aid International ya London ina historia ya tangu 1954 na hushirikiana na maktaba ya taifa, kwa hivo anza kwa kwenda pale maktaba ya umma ya barabara ya Msanifu Kombo, uliza kama kuna mpango wowote wa vitabu kwa shule na masanduku ya vitabu ya kuazima, na nenda na ile kaunta buku. Ukienda na wenzako wa shule za karibu, Tudor, Ganjoni, Makupa, mkaomba pamoja mwasikizwa zaidi kuliko kila mmoja kuja na barua yake.

Na yule mwenye kontena ukiona hana majibu, mwambie atume hela kidogo kwa akaunti ya shule yenyewe, sio yako, halafu uingie tovuti za African Storybook na StoryWeaver, hadithi za Kiswahili za watoto ziko nyingi humo na leseni yakuruhusu kuchapisha. Print, kava ngumu, stepla na selotepu pana mgongoni. Ukimaliza mtumie risiti na picha ya rafu, bila sura za watoto.